Siku ya Kuchezwa, Mguu Ulinikataa

Mguu wangu wa kwanza, mama alitaka uwe mkubwa. Alimwambia fundi hivyo hivyo, bila aibu, kama anavyomwambia mshonaji: "Mwachie nafasi, atakua nao." Tulikuwa tumetoka Morogoro alfajiri, tumepita Mikese mama akaninunulia mahindi ya kuchoma kupitia dirishani, tumefika Dar es Salaam kwenye karakana ya viungo bandia, tumekaa benchi mpaka matako yamekufa ganzi. Na sasa fundi anacheka mpaka anavua miwani.

"Mama, hii si sare ya shule. Akivaa mguu mrefu leo, leo hiyo hiyo anaanguka."

"Sasa mwakani itakuwaje?"

"Mwakani mtarudi."

"Na mwaka unaofuata?"

"Mtarudi. Mtoto anakua, mguu haukui. Mtarudi mpaka mnichoke."

Mama alihesabu nauli njia nzima ya kurudi. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, nilikuwa naangalia kiatu changu kipya tu.

Naandika haya kwa ajili ya yule aliyeambiwa neno hilo wiki hii, "mtarudi," akahisi nguvu zimemwisha. Nimerudi sana, ndugu yangu. Nimeshavaa miguu mingi kuliko magauni ya Idi. Leo nina saluni yangu, nina watoto wawili, na nasimama siku nzima nasuka nywele za watu na kusikiliza umbea wao. Lakini kuna msimu mmoja ambao nusura unishinde, na ndio ninaotaka kuusimulia.

Sisi ni Waluguru wa Kinole, huko kwenye minanasi na pilipili manga. Mguu wangu wa kushoto ulianza kuuma chini ya goti wakati wa masika, tukadhani nimeteguka mtoni. Mama mdogo Salha, mdogo wake mama, alikuwa amekuja kutusalimia kutoka mjini. Alipoona nalia usiku akaahirisha safari, akabaki ananikanda. Maji ya moto, chumvi, majani aliyoelekezwa na majirani. Mguu ukavimba, ukang'aa. Siku ya kuteremka hospitali wanaume walinibeba mgongoni kwa kupokezana mpaka barabarani, kila hatua naipigia kelele. Daktari akasema mfupa umeoza na sumu inapanda. Wakakata chini ya goti ili nibaki hai. Ya kitaalamu yanatosha hapo, mengine watawaeleza wenye makoti meupe.

Nilipopona nikaapa kitu kimoja: sibebwi tena. Hata mtoni, hata kwenye matope. Mtu akininyooshea mikono namwambia, "Nina miguu yangu." Nilikuwa na mdomo, sitaki kusema uongo, na bado ninao.

Kwa sababu ya shule na safari za karakana, nikahamia kwa mama mdogo, Mafiga, Morogoro mjini, ambako ardhi haina mabonde ya kwetu. Mama mdogo alinipenda. Alinipikia, alinigombania na watoto wa mtaani walioniita Chongole kwa kuchechemea kwangu, alininunulia viatu pea nzima ingawa kilichochakaa kilikuwa kimoja. Lakini kigutu changu hakuwahi kukitazama. Asubuhi anasimama nje ya mlango: "Umevaa?" Nikisema bado, anaondoka. Maji ya kuoga anayaacha kizingitini. Bandeji nilijifunga mwenyewe. Nikajua ananionea kinyaa. Nilimpenda na nikamkasirikia kwa pamoja, kwa miaka, na sikumwambia.

Miaka ile mwili wangu haukutulia. Mguu ukiwa mfupi, nyonga inauma na mgongo unapinda, fundi viatu wa mtaani ananibandikia soli juu ya soli mpaka tuende Dar es Salaam. Kikombe, yaani ile sehemu ya juu ambamo kigutu huingia, kikibana, ngozi inachubuka, nakaa nyumbani masomo yananipita. Mara moja mfupa wenyewe ulikua, ukachongoka ndani kwa ndani kama unataka kutoka, nikarudishwa hospitali ukapunguzwa. Hakuna aliyekuwa amekosea. Nilikuwa nakua tu.

Kitu kilichonipa moyo ni benchi la karakana. Nakumbuka babu mmoja wa Kisaki, mstaafu wa reli. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akauliza kabla sijakaa vizuri, "Wako unabana, mjukuu?"

"Unabana, babu."

"Wangu unapwaya. Uzee umenila nyama, navaa soksi juu ya soksi na bado unacheza humo ndani. Tungebadilishana, basi tu wewe mfupi."

Dada mmoja mwenye mimba kubwa akadakia: "Wangu mimi asubuhi unaingia kwa shida, jioni hauingii kabisa."

"Haya," babu akasema, "kumbe hapa wote tunalia kilio kimoja."

Tulicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Miaka mingi baadaye nilikaa kwenye benchi lile na mimba ya mwanangu wa kwanza, nimevimba, natembelea magongo, nikamkumbuka dada yule. Laiti ningemuuliza mengi zaidi.

Sasa huo msimu wenyewe. Nilivunja ungo baada ya mtihani wa darasa la saba, wakati wa kusubiri matokeo, vuli ikianza. Nikapelekwa Kinole kwa bibi kuwekwa ndani, kama binti yeyote wa kwetu. Jioni ile ile kikao kikakaa sebuleni: bibi, mama, mama mdogo, na mjomba wangu, kaka yao. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga mazungumzo. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, nasikia kila kitu.

"Siku ya kutoka," mjomba akauliza, "atabebwa na nani?"

Niwaeleze wasio wa kwetu. Mwali akimaliza siku zake hutolewa nje akachezwa mbele ya watu, naye anakuwa juu ya mabega ya mtu, ngoma inapigwa. Katika ukoo wetu anayembeba ni mama yake mdogo. Asiyebebwa, watu husema hajatoka, na neno hilo linamfuata mpaka kwa mumewe. Mjomba alijua jibu la swali lake. Aliuliza kwa kuwa alijua pia habari za mlango wa Mafiga.

Bibi akaguna. Mama mdogo akasema, "Kwani lazima abebwe? Mtoto anatembea. Atoke kwa miguu yake, watu wamwone."

"Mwali hatoki kwa miguu yake," bibi akasema. "Anayetoka kwa miguu yake kafukuzwa."

Mimi nikapiga kelele kutoka chumbani, jambo ambalo mwali hafanyi: "Nitatembea! Sitaki kubebwa!"

Bibi akasonya. Mjomba akafikiri, akaamua: nitatoka nikitembea, mama mdogo kando yangu amenishika mkono, na atakayesema hajatoka aje aseme mbele yake. Bibi hakuridhika, ila alikubali. Mimi nikalala na furaha. Nilitaka watu wa Kinole, walioniona nikiteremshwa mgongoni kwa watu, wanione nikitoka kwa hatua zangu. Hilo tu ndilo nililolitaka mwaka ule, kuliko hata kufaulu.

Ya ndani siyasemi. Aliyepita anayajua, asiyepita akaulize kwao. Nitasema la mguu. Siku ya kwanza kungwi, bibi mmoja mkali mwenye mkono mwepesi, aliutazama mguu wangu ukiwa na kiatu chake akasema mwali havai viatu. Nikamweleza kiatu kimefungwa kwa mguu. "Basi navyo vyote vikakae nje," akasema, ukachukuliwa, ukawekwa chumba cha mama. Alipoona najifunga bandeji jioni, akauliza kidonda kiko wapi. Nikamwambia hakuna kidonda. "Sasa bandeji ya nini? Unajiombea maradhi." Ikachukuliwa nayo.

Sikubisha. Kusema kweli nilishukuru. Miaka yote ile sikuwahi kukaa hata wiki bila kuchubuka mahali, na sasa kigutu kilipumzika, ngozi ikalainika. Nikilazwa kwenye mkeka nasikia mvua inapiga bati na maporomoko yanavuma bondeni. Bibi alijipa kazi moja, ya kuninenepesha. Uji wa asubuhi, ndizi za nazi, kuku, ugali usioisha, kisha uji tena. Nikikataa anasema, "Watu waje waone mwali au waone ufito?" Nikala. Nikarefuka, nikajaa, mashavu yakatuna. Kila aliyeingia alimsifu bibi, na bibi alitembea kifua mbele. Na katika nyumba ile yote iliyojaa wanawake wenye akili zao, hakuna hata mmoja, na mimi mwenyewe nikiwemo, aliyewaza kwamba kinachonenepa ni pamoja na kile kinachoingia kwenye kikombe.

Asubuhi ya kutoka mama aliingia na mguu mikononi. Alikuwa ameusugua, ameuvisha soksi nyeupe na kiatu kipya. Nje ngoma zilikuwa zimeshaanza. Nikaweka kigutu kwenye kikombe, nikasukuma.

Hakikuingia.

"Sukuma, mwanangu."

Nikasukuma. Nikasimama kwa gongo la bibi nikaweka uzito wote. Kiliingia ncha tu, kikakwama, maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Tukajaribu poda. Tukajaribu mfuko wa nailoni, ule ujanja wa kutelezesha aliotufundisha fundi. Tukajaribu mafuta ya nazi. Mama anavuta, kungwi anasukuma, jasho linatutoka sote, ngozi ikachubuka damu ikachuruzika kidogo. Ndipo mama akaacha.

"Haiwezekani," akasema.

Bibi alikaa chini kwenye mkeka. "Ni mimi," akasema. "Ni uji wangu."

Nikalia. Si kilio cha mwali cha heshima, nililia kama nguruwe anayechinjwa. Nje watani wa ukoo walikuwa wameshaanza maneno yao: "Mwali yuko wapi? Kakimbia na nani?" Mama akasema atanibeba yeye, kungwi akamkata: mzazi hambebi mwali wake, ni mwiko. Bibi na kungwi walikuwa wazee. "Mwiteni Salha," bibi akasema.

Mama mdogo alifika mlangoni, kajifunga kanga kiunoni tayari kwa ngoma. Akaona mguu umelala mkekani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akakiona kigutu, kitupu, kimevimba, kinang'aa mafuta. Akageuza uso ukutani.

Hapo nikapandwa na hasira ambayo sikujua nimeibeba miaka yote ile. "Toka!" nikamwambia, mimi mwali nisiyetakiwa kuinua sauti. "Kama unaona kinyaa usiniguse! Sitaki kuchezwa, nirudisheni Mafiga. Hapana, Mafiga sitaki. Niacheni tu!"

Kungwi aliinua mkono anichape, bibi akamzuia.

"Kinyaa?" mama mdogo akasema. Bado kaangalia ukuta. "Mwana wangu, mimi nikuonee kinyaa wewe?"

"Mbona hukiangalii?"

Maneno yakamtoka kwa mkupuo. "Nani aliyekukanda? Ni mimi. Kila jioni maji ya moto, nakubinya, unalia, 'Mama mdogo, unaniumiza,' nami nakwambia vumilia, vumilia kidogo. Mama yako alitaka tukuteremshe hospitali mapema, mimi nikasema tungoje, dawa inafanya kazi. Daktari akauliza mlikuwa wapi siku zote. Aliniuliza mimi, maana nilikuwa nimekupakata. Nikikiangalia naiona mikono yangu hii." Akainua mikono, akaitazama. "Nitakishikaje kwa mikono hii hii?"

Mama alikuwa analia. Mimi nilikuwa mtoto, sikuwa na maneno ya mambo makubwa namna ile. Ningetaka kumwambia kwamba nilichokumbuka mimi katika jioni zile ni sauti yake tu, ananiimbia huku kalowa jasho. Sikuweza. Kilichonitoka ni, "Mama mdogo, watu wanangoja."

Akajipangusa uso kwa pindo la kanga. Akaja, akapiga magoti mbele yangu, akanipa mgongo. "Panda."

Na mimi niliyeapa sibebwi, nikapanda. Mama na kungwi wakaniinua mpaka mabegani. Akasimama kwa mguno, maana bibi alikuwa kafanya kazi yake. Anayebeba mwali humshika miguu kwa mbele asianguke. Mkono wake wa kulia ukashika muundi wangu. Wa kushoto ukapapasa, ukafika kwenye goti, ukasita. Kisha ukateremka ukakishika kigutu chote, kiganja kikafunika ncha. Kiganja kilikuwa cha moto.

"Nakuumiza?"

"Huniumizi."

Mama alileta kanga ya kufunika, watu wasione. Mama mdogo akasema, "Iache." Tukatoka.

Ngoma zikakatika. Walitarajia mwali anayetembea, wakaona mwali mnene juu ya mabega na kigutu mkononi mwa Salha. Nilitaka kufa. Kisha mtani mmoja, bibi mwenye mdomo mrefu kuliko wote Kinole, akapaza sauti: "Yee! Kala mpaka mguu umemkimbia! Salha, hilo ni mwali au gunia la nanasi?"

Watu wakaangua kicheko, vigelegele vikapanda, ngoma ikaitikia. Nami nikacheka, machozi yananitiririka. Huko juu niliona vitu ambavyo sikuvitarajia. Niliona binti wa jirani, naye kachezwa siku ile, yuko juu ya mabega ya mama yake mdogo, kashikwa vile vile kama mimi. Miguu yote miwili mizima, na hakuna aliyemwambia atembee. Niliona mjomba kageukia mlimani, kama mtu anayekagua mvua, mabega yanatikisika. Mama mdogo alicheza. Alizunguka uwanja mzima. Shangazi mmoja akaja kumpokea, akakataa. Akaja mwingine, akakataa. Mkono wa kushoto haukuachia hata mara moja.

Mzazi mwenzangu, mgonjwa mwenzangu, siwasimulii haya ili mkamfungie mtoto bila bandeji. Mwali wenu akiwekwa ndani, bandeji na iingie naye, na mwambieni kungwi kwa heshima kuwa ni ya kuzuia kigutu kisivimbe. Binti akivunja ungo, kijana akianza kurefuka, mama akishika mimba, mzee akianza kukonda, mguu utakataa. Ukikataa msiulazimishe, na msilie kama nilivyolia mimi. Mwili umefanya kazi yake. Rudini.

Sisi tulirudi baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, mvua zikiwa zimepungua, mimi na magongo, mama upande huu na mama mdogo upande huu. Fundi, ambaye si mtu wa mkoa wetu, alinitazama juu mpaka chini. "Huyu alikuwa wapi, kanawiri hivi?"

"Alikuwa ndani," mama akasema.

"Ndani? Mlimfungia?"

Tukacheka, tukamweleza, akatikisa kichwa. Akakibonyeza kigutu kwa kidole, akaonyesha jinsi shimo linavyobaki. Akasema hawezi kunipima siku ile. Angenipima hivyo, mguu ungenipwaya mwezi unaofuata. Kwanza uvimbe ushuke, na dawa ya uvimbe ni bandeji, asubuhi na jioni, ifungwe na mtu mwingine anayejua, maana nikijifunga mwenyewe haikazi sawasawa. "Nani wa nyumbani nimfundishe?"

Mama alifungua mdomo. Mama mdogo akawa ameshasogea, amekaa kwenye kigoda mbele yangu, ameweka kigutu mapajani mwake. "Nifundishe mimi. Anakaa kwangu."

Fundi akamwonyesha mara moja: chini kaza, juu legeza. Akampa bandeji. Alifunga taratibu sana, ulimi kaubana kwenye kona ya mdomo, anazungusha kama anayefunga kitoto kichanga. Alipomaliza nikainua mguu, bandeji yote ikateleza ikaanguka sakafuni.

"Umeilegeza, mama mdogo."

"Naogopa kukuumiza."

"Kaza."

Akaanza upya. Akafika katikati, akasimama, akaniangalia usoni. "Hivi?"

"Kaza zaidi."

Akakaza.